Milioni Moja na Tisa

Baba yangu, Mwalimu Pankrasi, alifundisha hesabu shule ya msingi hapa Songea miaka thelathini na moja. Mwaka wake wa mwisho mwanafunzi alimuuliza kama 1,000,009 ni namba tasa. Akajibu, "Nitawaambia." Alistaafu hajawaambia.

Nyumbani, mtaa wa Lizaboni, akabandika ndani ya daftari orodha ya namba tasa zote zilizo chini ya elfu moja, 168. Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza aliigawa 1,000,009 kwa mojawapo, kwa mkono, kisha akaiwekea alama ya vema. Ikifika 997 bila kugawanyika, basi ni tasa. Mama, Ida, alimletea chai na kumuuliza, "Leo imebaki ngapi?"

Baba mdogo Aidan alimcheka. "Wenzako wanafuga nguruwe, kaka, wewe unafuga namba!"

Mama alifariki. Baba aliendelea mwaka mmoja na nusu, akafika 811, kisha Mungu akamwita naye.

Zilibaki ishirini na saba. Niliahidi kuzimaliza kabla ya arobaini yake, ili neno lake kwa wale watoto lisife naye. Kila jioni nilirudi kutoka dukani kwangu Mfaranyaki nimechoka, nikasali, nikagawa. Kila moja ilibakiza kitu. Nilimaliza 997 siku mbili kabla ya misa.

Asubuhi ya arobaini nikapitia orodha. 293 haikuwa na alama. Nikadhani aliiruka kwa ajili ya msiba wa Mama, nikaigawa mwenyewe. Ikaja 3,413, baki sifuri. Nikarudia mara tatu. Sifuri.

Nilipochukua kitabu chake cha sala niende nacho kanisani, karatasi ikadondoka kutoka kwenye sala za marehemu. Ilikuwa ukurasa wa daftari, mwandiko wake: 293, 3,413, sifuri. Tarehe ni Jumapili ya kwanza baada ya kumzika Mama.

Baada ya misa, watu wakila, baba mdogo akaniita.

"Haya, mwalimu mdogo, namba ya kaka vipi? Tasa?"

Nilitamani kusema ndiyo. Nikampa karatasi.

"Siyo tasa, baba mdogo. Na alijua."

Akaisoma, akatazama tarehe. "Mwaka mzima na nusu alikuwa anagawa bure?"

"Alikuwa anagawa tu."

Hakucheka. Aliikunja karatasi vizuri, akanirudishia, akaenda kunawa mikono ingawa alishanawa.

Yule mwanafunzi nilimpata kwa simu, nikampa jibu. Alinishukuru sana, akasema alishasahau swali.

Jumapili iliyofuata nilitoka misa ya kwanza, nikachemsha chai, nikakaa mezani pa Baba. Nyumba ilikuwa kimya. Nilifungua daftari jipya, nikaandika 1,000,009, nikaanza na 2.

Ilibaki moja, kama ilivyombakia yeye.