Bizari ya Nyama Iliyomshinda Idi

Ipo Jumapili moja ya Durban, mwanangu, ambayo pua yangu inaikumbuka kuliko kichwa. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha. Siku za kazi, mchana nilikuwa kiwandani mtaa wa Jacobs, jioni nikisoma shule ya usiku. Nilikuwa nimefika sura ya tatu ya kitabu cha kemia, kwa hiyo hapakuwa na jambo chini ya jua nisilolijua.

Tuliishi watatu chumba kimoja South Beach, kwenye ghorofa refu hata mawingu yalipita chini ya dirisha letu. Usinibishie, hukuwepo. Mmoja mimi, wa pili Idi kijana wa Tanga, wa tatu Papa Wilondja, mzee wa Uvira kule Kongo, aliyetufanya wanawe bila kutuomba ruhusa.

Siku hiyo Idi alimngoja kaka yake Rashidi, baharia, ambaye meli yake ilikuwa bandarini na ingeondoka kesho yake. Ndugu hawa hawakuwa wamesemezana tangu mama yao afariki. Idi hakwenda kuzika. Makaratasi yake yalikuwa ya namna ile kwamba ukitoka Afrika Kusini hurudi tena, na wadogo zao nyumbani walikuwa wakimtegemea yeye. Akabaki, akalilia chumbani. Rashidi alichojua ni kwamba mdogo wake amemtupa mama. Sasa alikuwa amekubali kuja kula chakula cha mchana, basi. Akiondoka na moyo ule ule, huenda wasionane tena.

Idi akaamua kumchomea mbavu za kondoo kwa bizari ya mama yao, ile ya kupaka nyama kabla ya kuiweka motoni. Viungo alivijua vyote: bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, mdalasini, tangawizi kavu. Alitwanga tangu asubuhi mpaka jengo zima likatikisika. Tukachoma kipande cha kujaribia. Kilikuwa na ladha ya vumbi. Akaongeza mdalasini, tukajaribu. Akaongeza pilipili manga, tukajaribu. Vumbi lile lile. Akakaa chini, kinu kati ya magoti, akasema hata bizari ya mama imemkataa.

Mimi, bingwa wa kemia, nikavaa viatu. Mjini kulikuwa na duka la Wahindi lililouza masala tayari, kali kiasi kwamba ukifungua mfuko manahodha baharini wanapiga chafya. Nikasema mgeni atakula, atatoka jasho, atasahau ugomvi.

Papa Wilondja alikuwa anakunywa chai. Hakupandisha sauti.

"Vua viatu. Iko mutu anajua hii bizari, na leo anakuja hapa. Unakimbilia wapi?"

Nikamwambia ni aibu kumkalisha mgeni mbele ya jiko lisilo na kitu.

"Mutu iko na hasira, ukimupa sahani tayari, atakula kama mugeni, ataenda kama mugeni. Muachie kazi."

Nikavua viatu, nimenuna.

Rashidi akaja. Akaketi ukingoni mwa kiti, mfuko wake mapajani, kama mtu anayengoja taxi. Aliitikia salamu zote akitazama mlango. Idi akahangaika, akamtazama Papa Wilondja, kisha akabeba kinu na kukiweka miguuni pa kaka yake.

"Kaka, bizari ya mama imenishinda."

Rashidi akainama, akanusa. Akanusa tena. Mfuko ukashuka sakafuni.

"Umevitwanga vibichi?"

"Si ndivyo?"

"Wewe vilikuwa vinakufikia uani vimeshakaangwa. Mkaangaji nilikuwa mimi."

Hapo nikaelewa. Mama yao aligawa kazi: mkubwa jikoni na kikaango, mdogo uani na kinu. Miaka yote ile kila mmoja alikuwa anatembea na nusu ya bizari, huyu baharini, yule Durban.

Viungo vizima vilikuwa vimebaki. Rashidi akaomba kikaango, hakutia mafuta, akavikaanga kwa moto mdogo, kila kimoja peke yake, mpaka chumba kikajaa harufu; nadhani hata waogeleaji ufukweni walitoka majini. Vikipoa, anammiminia Idi kinuni. Kisha Rashidi akasema, ametupa mgongo:

"Alikuulizia mpaka mwisho. Nilikuchukia kwa sababu sikuwa na jibu la kumpa."

Mchi ukasimama.

"Twanga, mdogo wangu. Nyama inangoja."

Idi akatwanga, machozi yakimchuruzika, huku akimweleza kaka yake habari ya makaratasi. Papa Wilondja naye akafuta macho, akasingizia pilipili manga.

Basi, mwanangu, kaanga kabla ya kutwanga. Hilo nakupa bure. Lakini kubwa ni hili. Ukitaka kupatana na mtu, usimalize kila kitu kabla hajafika. Tunapika, tunadeki, tunapanga maneno matamu, halafu tunamkalisha aliyeumia kama mkaguzi wa kiwanda. Mpe kazi. Mwombe akusaidie jambo ambalo kweli limekushinda. Usilibuni, maana atajua. Mikono yenu ikishashughulika pamoja, maneno mazito yatapata mahali pa kupitia.

Mwenyezi Mungu akulindie ndugu zako, walio mbali akuletee salama mlangoni. Akupe na ulimi wa kusema "limenishinda" mapema, wangali hai wale wa kukusaidia. Amina.