Papa Clément Hatoki Lubumbashi

Baba yangu hakupendwa. Nalisema wazi, kwa sababu kwenye kilio chake nilisikia watu wakimsifu kwamba alikuwa mtu wa kila mtu, na wengi wao hawakuwa hata wakimsalimia. Yeye naye hakuwapenda. Jirani akija kupiga soga, baba aliendelea kunyoa ndevu bila kugeuza kichwa mpaka mgeni achoke aondoke.

Jina lake Clément Kasonde, mzaliwa wa Lukafu, kijiji cha huku Katanga. Alikuwa askari. Akiwa kijana alipigana Kolwezi, na risasi ikamwachia mguu wa kuburura. Baadaye akawa brancardier katika hospitali moja hapa Lubumbashi, na kwa miaka yote iliyobaki akasukuma vitanda: wagonjwa kwenda kupasuliwa, na waliokufa kwenda morgue.

Ile chuki ina mwanzo wake. Mama yangu, Brigitte, alikuwa Mkasai. Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikaa Likasi, mimi Bénie nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, na ndiyo miaka ambayo watu wa Kasai walifukuzwa Katanga. Nyumba zilichomwa. Watu walijazana stesheni na magodoro na masufuria yao, wakingojea treni za kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi hawakuwahi kuiona. Siku moja mdogo wake baba, Adrien, alifika kwetu na vijana wenye fimbo.

Mama ndiye aliyenisimulia. Baba alikuwa ameketi mlangoni na magwanda yake, bunduki juu ya mapaja.

“Yaya, umutoshe ule muke,” Adrien alimwambia kaka yake, yaani amtoe mama nje. “Treni inamungojea.”

“Iko bibi yangu. Mwenye anataka kumutosha, apite hapa.”

“Unachagua Mukasai, unaacha damu yako?”

“Damu yangu iko mu nyumba, inalala.”

Adrien alitema mate karibu na viatu vya baba. Hakuna aliyejaribu kupita. Lakini usiku huohuo mama alifunga vitu, na asubuhi tukahamia Lubumbashi, tukapanga chumba Kamalondo. Kuanzia hapo, kwa ukoo wa Lukafu, baba alikuwa msaliti.

Mtu angedhani wakwe walimshukuru. Hapana. Baba yake mama alikuwa na duka Likasi, likaporwa na kuchomwa. Mama alipokwenda kumuaga pamoja na baba, yule mzee alimtazama mkwewe kutoka kofia hadi viatu akasema, “Magwanda kama haya njo ilisimama inaangalia duka yangu inawaka,” yaani askari wenyewe ndio waliotazama. Hakumpa mkono. Alipanda treni na hatukumwona tena.

Basi baba alikuwa na watu wawili tu duniani, mama na mimi. Jeshi la zamani lilipovunjika na askari wapya wakaingia mjini, alitupa magwanda ndani ya shimo la choo, akakaa nyumbani akingoja waje kumchukua. Hawakuja. Mtawa mmoja aliyemfahamu kanisani alimtafutia kazi hospitalini. Mwaka uliofuata mama alikwenda kuzaa katika hospitali hiyohiyo. Mdogo wangu Syntiche akatoka salama, mama akavuja damu mpaka mwisho. Wenzake baba walitaka kumsukuma wao. Aliwaambia waondoe mikono, akamsukuma mwenyewe mpaka morgue, na mwendo mzima hakuruhusu mtu atembee kando yake.

Shangazi zake walituma habari kutoka Lukafu: alete watoto wagawanywe kwa ndugu, mwanaume hawezi kulea mtoto mchanga. Baba alimjibu mjumbe kwamba yeye alijifunza kufungua bunduki na kuifunga gizani, kwa hiyo na nepi atajifunza. Alijifunza. Alijifunza hata kusuka. Jumamosi mchana aliketi juu ya kigoda uani, mimi katikati ya magoti yake, kitana mdomoni, akinivuta nywele kwa nguvu kama anafunga mzigo. Wanawake wa parcelle, wapangaji wenzetu wa ua ule, walisimama kucheka. Baba alitoa kitana mdomoni na kuwauliza waume zao wako wapi saa ile. Kicheko kiliisha. Nywele zangu zilikuwa zimepinda, lakini nilikwenda misa nimesukwa.

Shuleni waliniita mtoto wa morgue. Hakuna aliyetaka kuketi na mimi kwenye benchi, eti mikono ya baba inashika wafu na inanipikia bukari, ugali wetu. Nilificha jambo hilo kwa muda, halafu siku moja nikakataa chakula, naye akanilazimisha niseme. Kesho yake aliingia darasani akiwa na blauzi yake ya hospitali, lile koti la kazi.

“Muntu anatafuta nini?” mwalimu aliuliza.

“Minakuya kusalimia.”

Akapita benchi kwa benchi, akimpa kila mtoto mkono na kuushika sawasawa. Wengine walilia. Alipofika mwisho akampa na mwalimu, na mwalimu, kwa aibu, akaupokea.

“Sasa bote muko sawa na yeye,” baba alisema. “Akae popote.”

Wazazi walikuja kulalamika kwa mkuu wa shule. Baba alisimama mlangoni akawasikiliza, akawaambia kwamba siku wakiugua atawasukuma na wao, polepole, bila kuwaangusha. Lilikuwa neno zuri, lakini alilisema kwa sauti ambayo wote walilichukua kuwa tisho. Nadhani lilikuwa yote mawili.

Adrien yeye alifanikiwa. Aliuza magari, akajenga Karavia, mtaa wa matajiri, nyumba yenye ukuta mrefu. Hakuwahi kukanyaga kwetu. Halafu akapata ajali barabarani, akaletwa hospitalini mguu umevunjika, na brancardier wa zamu alikuwa baba. Papa Paulin, mlinzi wa morgue na mtu pekee aliyekula pamoja na baba, alikuwepo, naye ndiye aliyetuambia. Adrien alifungua macho, akamwona kaka yake ameshika kitanda.

“Ule asinikamate,” alimwambia muuguzi. “Muite mwingine.”

“Sikukamate,” baba alijibu. “Minasukuma kitanda tu.”

Akamsukuma. Njia nzima Adrien alimtukana, akamtukana na mama aliyekwisha kufa. Baba hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Pale penye kizingiti aliinua magurudumu ya mbele ili mguu usitikisike, kama alivyofanya kwa kila mgonjwa. Alipomkabidhi, alikwenda bombani akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, mbele ya Adrien, taratibu, akimwangalia. Hawakuzungumza tena maishani.

Mwaka jana moyo wa baba ulisimama akiwa uani, anavua viatu. Mimi ni mshonaji. Nilikuwa mashineni, nikasikia kiatu kimoja kinaanguka na cha pili hakianguki. Syntiche alikuja mbio kutoka chuoni, akakuta tumeshampeleka. Papa Paulin alimpokea baba na kumlaza katika chumba kilekile alichokuwa anawapeleka wengine.

Siku ya pili ya kilio Adrien akafika. Alileta mahema, viti, wapiga tarumbeta, na jeneza lenye kioo, na mke wake Mado akagawa fulana zenye picha ya baba. Picha yenyewe ilikuwa ya ujana, kabla ya sisi. Adrien akachukua kipaza sauti, akalia. Alimwita ndugu yangu mpenzi, mkubwa wangu, nguzo ya ukoo. Kisha akajipangusa macho akatangaza kwamba asubuhi mwili utaondoka kwenda Lukafu, azikwe kwa mababu.

Nikasimama. “Papa mudogo, baba anazikwa hapa, pembeni ya mama.”

“Mutoto, kaa chini. Mufu haiko wa batoto. Iko wa ukoo.”

“Ukoo wenye ulimufukuza?”

Mado alinishika mkono, nikauondoa. Adrien hakukasirika, alitabasamu kwa ajili ya wageni.

“Mama yako hakukuwa wa kwetu,” alisema, bado kwenye kipaza sauti, “hata nyinyi nusu tu. Musitufundishe kuzika.”

Syntiche, ambaye hajawahi kumjibu mkubwa, alivua ile fulana mbele ya watu wote, akabaki na blauzi yake, akaiweka fulana juu ya meza ya mkate na chai. Wasichana wawili wa parcelle wakavua zao. Wengine waliinamisha vichwa wakaendelea kula.

Asubuhi tulifika morgue mapema, lakini gari la Adrien lilikuwa limeshatangulia. Alikuwa mlangoni na wanaume wa Lukafu, akimfokea Papa Paulin. Paulin alisimama katikati ya mlango, nyuma yake brancardier wengine wa zamu.

“Papa Clément alisema mbele ya shiye bote,” Paulin alisema. “Kila mara tulikunywa chai alisema. Siku nitakufa, munipatie batoto yangu. Pembeni ya Brigitte.”

“Weye ni nani? Muchunga bafu?” Adrien aliuliza, kana kwamba kuchunga wafu ni aibu.

“Njo kazi yangu. Na huyu mufu minamuchunga.”

Adrien akatoa simu, akasema atamwita mkubwa wa polisi anayemjua. Alizungumza kwa muda mrefu, akitembea huku na huku. Wakati anazungumza, wale brancardier waliingia ndani, wakamtoa baba juu ya kitanda cha magurudumu, amevikwa shuka safi, wakampita Adrien kana kwamba ni nguzo ya umeme. Mmoja wa wanaume wa Lukafu alinyoosha mkono kushika chuma cha kitanda. Paulin alimwambia kwa utulivu, “Papa, tosha mukono,” naye akautoa. Polisi hawakuja.

Tulimlaza ndani ya sanduku alilotengeneza seremala wa mtaa wetu, la mbao lisilo na kioo. Jeneza la Adrien lilibaki juu ya gari, na makaburini nilimwona amesimama nje ya lango pamoja na Mado, suti nyeusi, madirisha ya gari yamefungwa. Sikumwita. Padre aliniuliza kwa sauti ya chini kama tungoje ndugu wa marehemu waingie. Nikamwambia ndugu wa marehemu wamekwisha kuingia, ni mimi na Syntiche, na Papa Paulin, na wale wenye blauzi za hospitali. Akafungua kitabu chake, akaanza.

Wiki kadhaa baadaye Adrien alimtuma mtu kutuambia kwamba ukoo umetutenga, kwamba tusitie mguu Lukafu tena. Nilikuwa nashona sare za kwaya. Nilimpa yule mjumbe kiti na maji ya kunywa, kwa sababu yeye hakukosa kitu, halafu nikamwambia arudi salama. Nikaendelea kushona.