Nilivyomchagulia Mama kegi ya kwanza ya tangawizi, na hewa ya wapiga mbizi ilivyoniumbua

Wakuu, poleni na majukumu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo habari zenu.

Ninayoyaleta hapa ni ya kweli. Chumvi mtaiona, maana mimi chumvi huwa natia kwa koleo, lakini ukiipangusa utakuta samaki ni mzima.

Nimeona humu watu wanauliza, mtu akitaka kuanza kutengeneza kinywaji cha gesi nyumbani aanze na kegi ipi, lile pipa la chuma lenye koki. Najua wengi wenu ni watu wa bia. Mimi ni mtu wa tangawizi. Chuma ni kilekile na presha ni ileile, kwa hiyo msinikimbie.

Mimi ni wa Mafia, Baleni. Elimu yangu ni ya masomo ya jioni. Kidato cha nne nimekimaliza nina ndevu na mke, na mbu wa lile darasa nadhani nao walistahili vyeti.

Sasa, ukitaja tangawizi Baleni umemtaja mama yangu, Bi Kidawa.

Huchemsha tangawizi na iliki na karafuu, hukamua ndimu, hutia sukari na hamira ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Kisha hujaza chupa za plastiki na kukaza vifuniko. Mchana mmoja na usiku mmoja, basi. Unapata gesi ya kukupanda puani mpaka ukumbuke madhambi yako ya utotoni. Ikipitiliza muda anamwaga, hata iwe ndoo nzima. Kinywaji kilichochacha hakitoki nyumbani kwake.

Na saa haangalii. Hupita akibonyeza chupa. Ikiwa laini anasema, "Bado." Ikiwa ngumu kama goti, "Tayari."

Mwaka jana viungo vya vidole vyake vikaanza kuvimba. Hospitali walimpa dawa, maumivu yakapungua, lakini nguvu ya kukaza kifuniko haikurudi. Chupa zikawa zinavuja.

Tukamwambia tutamkazia sisi. Alikubali mara moja tu. Akatutazama, akasema, "Mnakaza kama mnanyonga mtu." Kesho yake akaliosha sufuria, akalifunika kwa kanga, akaacha kupika.

Hapo ndipo Zuhura akaposwa. Zuhura ni mdogo wangu wa mwisho.

Mama amemimina tangawizi kwenye harusi za watoto wa watu tangu mimi sijaota meno. Akasema ya Zuhura tununue soda. Alisema huku anachambua mchele, bila kuinua uso.

Zuhura akatoka uani. Nikamfuata.

"Kaka, mimi soda sitaki," akaniambia. "Nataka ya Mama. Hata glasi moja."

Wakuu, kwenye simu yangu nilisoma habari za kegi mpaka macho yakawa mekundu kama ya samaki changu. Wazo langu lilikuwa rahisi: Mama apike, tuweke kwenye pipa la chuma, gesi itoke kwenye mtungi. Hamira haipo, kuchacha hakupo, vifuniko vya kukaza havipo.

Kegi za mitumba za mahotelini nilizipita. Zilishabeba bia, na hata ningezisugua kwa mchanga wa ufukwe wote wa kisiwa, Mama asingetia mdomoni kitu kilichotoka humo.

Ukubwa, watu wengi huchukua ya lita kumi na tisa. Ikijaa ile inataka mwanamume na nusu. Nikachagua mbili ndogo.

Kosa langu likaja kwenye gesi.

Mzigo ulikuja kutoka Dar kwa boti, na mtungi wa gesi ulikuwa mtupu. Kisiwani sikumjua mtu wa kujaza CO2. Lakini Shabani, rafiki yangu, anajaza mitungi ya wapiga mbizi kule Ghuba ya Chole. Nikapakia mtungi kwenye pikipiki nikaenda.

"Hii ni hewa tu, sheikh," Shabani akasema. "Hii ya kuvuta na kutoa."

"Hewa si gesi?"

"Ni gesi."

"Basi jaza. Mimi ndiye niliyesoma kemia."

Akacheka, akaunga mpira wake na vyuma vyake, akajaza.

Nilimbembeleza Mama, akafunua sufuria. Nyumba ilinuka tangawizi kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Zuhura alikuwa anapita jikoni kila baada ya dakika mbili bila shughuli yoyote.

Tukajaza kegi, nikafungulia presha, nikaitumbukiza kwenye beseni la barafu ya samaki. Kegi imefungwa, harufu haiingii. Siku ya tatu nikafungua koki.

Wakuu, ilitoka kama bomba la zimamoto. Paka wa jirani mpaka leo anapita kwa njia ya mbali.

Mama akaonja. Akaikalisha mdomoni, akameza.

"Baba," akaniambia, "hii ina haraka, lakini haina gesi."

Akalifunika sufuria tena. Zuhura akakusanya glasi.

Hapo ndipo nikamkumbuka mwalimu wangu wa jioni akisema ubaoni kwamba kinachouma kwenye soda ni CO2, hiyo ndiyo inayokubali kuzama kwenye maji baridi. Hewa ya kawaida inasukuma tu, halafu inachakaza ladha. Siku ile nilikuwepo darasani. Nilikuwa nimesinzia.

Nikampigia Shabani. Aliposikia akasema, "Kumbe kemia uliyosoma ni ya nusu. Lete huo mtungi."

Bosi wake alikuwa anasafiri kwenda Dar. Wakatoa hewa yote, akaubeba, wakamjazia wale wanaojaza mitungi ya kuzimia moto. Ukarudi na boti ya Nyamisati, bandari ya bara, zikiwa zimebaki siku nne harusi ifike.

Tatizo sasa halikuwa gesi tena. Mama hakutaka kujaribu. "Niaibike mara mbili, tena mbele ya wakwe?"

Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikuwa nimeliona. Ile koki ya kwanza ilikuwa ya kubana kwa kidole gumba. Siku ya kuonja niliibana mimi. Mama hakuigusa. Nilihangaika kote huko na kifaa ambacho yeye mwenyewe asingeweza kukitumia.

Kwenye mzigo kulikuwa na koki nyingine, ya mpini wa kusukuma, lakini mpini wenyewe ni mfupi kama kidole cha mtoto. Nikaenda jikoni. Mwiko wake wa zamani wa tangawizi ulikuwa umevunjika bapa, mpini umebaki mweusi, unang'aa. Nikautoboa, nikaufunga kwenye koki. Kwenye kegi nikatia maji matupu na gesi mpya, nikaiweka kwenye barafu uani, nikaondoka.

Kesho yake nilimkuta Mama amesimama mbele ya kegi.

"Huu si mwiko wangu?"

"Ndiyo, Mama."

Akausukuma kwa kifundo cha mkono, si kwa vidole. Maji yakatoka. Akauachia, yakakoma. Akausukuma tena. Akanywa, akafumba jicho moja.

"Humu mna nini?"

"Maji tu, Mama."

"Maji ya nini sasa. Kamwambie Zuhura aniletee tangawizi."

Siku ya harusi alikaa kwenye kiti pembeni ya kegi zake mbili, leso mpya begani, mkono juu ya mpini wa mwiko. Mtu akitaka kumsaidia kumimina anamwambia, "Wewe shika glasi."

Glasi ya kwanza hakumpa mgeni yeyote. Aliibeba mwenyewe kwa viganja viwili mpaka chumbani kwa bibi harusi.

Zuhura akanywa yote kwa mkupuo. Machozi yakamlenga.

"Usilie, wanja utachuruzika," Mama akamwambia.

"Silii, Mama. Ni gesi."

"Haya. Gesi."

Akampangusa kwa pindo la leso. Mimi nilikuwa mlangoni. Gesi ilinipata na mimi, wala sikuwa nimekunywa.

Nilichojifunza wakuu ni hiki. Hewa ya kupumua isikaribie kegi yako, na mtungi usijazwe kienyeji kama nilivyofanya, ni hatari. Lakini kabla hujauliza lita ngapi na presha ngapi, mwangalie mkono wa atakayemimina. Mimi nilianza na chuma, ilibidi nianze na mkono.

Wenye uzoefu nirekebisheni. Na kama nyumbani kwako kuna mzee aliyeacha kazi yake kwa sababu ya mikono, niandikie hapa ni kazi gani na kinachomshinda ni nini. Tutafikiri pamoja.

Mama amerudi kupika kila wiki. Ila chuma hakibonyezeki, na hilo alilinung'unikia sana. Kwa hiyo kila tukifungulia kegi gesi, siku inayofuata najaza chupa moja ya plastiki kutoka kwenye kegi, naiweka dirishani.

Asubuhi anaipitia, anaibonyeza kwa kiganja, ananitazama.

"Bado," anasema.

Nami nasubiri.