Kufungua Meza Ugenini

Kwa wasiocheza puli nitaeleza kwanza, maana watu wengi wanapita pale barazani kwetu Kagoma, wanasikia mipira ikigongana, wanadhani tunapoteza muda tu. Mchezo unaanza mipira ikiwa imepangwa pembe tatu, imeshikana. Mtu anachukua fimbo na kuupiga mpira mweupe uende ukaisambaratishe mingine. Huko ndiko kufungua. Ukifungua vizuri, mipira inatawanyika meza nzima, mmoja au miwili inaingia shimoni, na unaendelea kucheza wewe. Ukifungua vibaya umemwandalia mwenzako chakula, kazi yako inabaki kumnawisha mikono.

Mimi nilikuwa mtu wa kunawisha.

Ni fundi cherehani, niliishia darasa la saba. Mashine yangu iko kwenye baraza lile lile la duka ambako meza ya puli imewekwa, na nilianza kucheza siku za mvua, wateja wakiwa hawaji. Kulenga sikupata shida. Sijisifu, hata nahodha wetu, ambaye hana tabia ya kusifia watu, alisema siku moja, "Huyu mama anatunga uzi kwenye sindano." Ndiyo maana nikawekwa kwenye timu ya watu watano, mwanamke peke yangu. Ila kufungua kulinishinda.

Sasa huku kwetu mgeni anaheshimiwa. Akifika nyumbani anapewa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa shida iliyomleta, na kwenye puli ni hivyo hivyo: mgeni ndiye anayefungua. Nasikia kwingine wanarusha sarafu. Sisi haturushi kitu. Mwenyeji anakukabidhi fimbo kwa mikono miwili na kurudi nyuma.

Heshima hiyo ndiyo iliyoniumbua kule Maruku, kijiji tulichokwenda kucheza ugenini. Nilipewa fimbo, nikakaribishwa kwa maneno matamu, nikapiga. Mipira ilitikisika kidogo, ikatulia, imeshikana kama chane ya ndizi. Kisha bwana mmoja mwenye gambuti akauliza kwa upole kabisa, "Dada, umeifungua au umeisalimia?"

Walicheka mpaka mwenye duka akatoka kuangalia kuna nini. Na mimi nilicheka, maana swali lilikuwa la haki. Tulifungwa, na waliotufunga walianzia kwenye ile chane niliyowaachia.

Kesho yake nahodha alikuja kwenye mashine yangu. Ni mtu wa mashine ya kukoboa kahawa, hana maneno mengi.

"Fundi, nakuheshimu," alisema.

Nikajua kuna jambo.

"Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakwenda Bukoba mjini. Tukiwa wageni tutafungua kila mchezo. Kama hujaweza kufungua mpaka siku hiyo, nafasi yako atachukua shemeji."

"Shemeji yupi?"

"Mke wangu ana kaka mmoja tu, Fundi. Unamjua."

Nilimjua. Anapakia magunia ya kahawa kwenye malori, na akifungua meza kuku wa jirani wanakimbia. Haikuwa upendeleo. Ningekuwa nahodha, labda na mimi ningemchagua yeye.

Lakini nilitaka sana kwenda. Bukoba nimekwenda mara nyingi kununua nyuzi na vifungo, nikasimama pembeni ya kaunta nikingoja wakubwa wahudumiwe kwanza. Nilitaka mara moja tu niingie mjini nikiwa mtu anayesubiriwa.

Basi nikaanza mazoezi, na nikaanza vibaya. Niliamini ninachokosa ni nguvu. Nilipiga kwa mwili mzima, na hata macho nilifumba. Siku moja mpira mweupe uliruka juu ya ukingo wa meza ukatua kwenye beseni la mama muuza maandazi. Aliuokota, akaugeuza geuza.

"Nani kaniagiza yai?" akauliza.

Nilimwomba radhi, nikaufuta mafuta, nikaendelea. Kiganja kiliuma hata kushika mkasi ikawa taabu. Mipira nayo iligoma kufunguka. Ila jambo moja nililiona, labda kwa sababu kazi yangu ni kuangalia kitambaa kinavutika upande gani. Mpira wa mbele, ule wa njano unaokaa kwenye ncha ya pembe tatu, kila nikipiga ulikimbilia upande wa barabara. Ungekuwa unapigwa usoni, kwa nini uwe na upande unaoupenda?

Mume wangu ni mwashi. Jioni hupitia pale barazani akitoka kazini, tunarudi nyumbani pamoja. Nilimweleza. Hakucheka, alitoa pima maji kwenye mfuko wake akaiweka juu ya meza. Kitone cha hewa kilihama chote kwenda upande wa ukuta.

"Meza yenu imelalia barabarani," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu hii sakafu ilipotitia, nadhani. Nyie hamkujua?"

Tulijua na hatukujua. Kagoma nzima, kila anayecheza pale, ukipiga mpira unalenga kidogo upande wa ukutani, kwa sababu mpira wa taratibu utateremka wenyewe kuelekea barabarani. Hakuna aliyefundishwa. Mkono ulizoea, kama unavyozoea kukwepa boriti ya jikoni. Na tukienda ugenini tukakosa, tulikuwa tunaapa wote watano kwamba meza yao imepinda. Ile ya Maruku tuliisema sana. Naomba niiombe radhi hapa, kwa sababu nadhani ilikuwa imenyooka kuliko sisi.

"Lakini kwenye kufungua nalenga ukutani vile vile," nilisema, "na kwenye meza hii hii ningepaswa kupata."

"Mpira wa taratibu unateremka. Wa kasi unapata wapi muda wa kuteremka, mama watoto? Unafika kule kule ulikoulenga."

Nilichukua chaki yangu ya bluu ya kuchorea nguo, nikausagia unga wake mpira mweupe kote kote, nikafungua kama ninavyofungua siku zote. Tuliutafuta mpira wa njano, tukaukuta na doa la bluu shavuni, upande wa ukuta. Usoni hapakuwa na kitu. Nilirudia, doa likawa pale pale. Miaka yote hiyo nilikuwa naupiga mpira wa mbele shavu, na nguvu yangu ndogo inapotelea pembeni. Shemeji pia alikuwa anaupiga shavu, sema kwa nguvu zake ilikuwa haionekani.

Kulenga katikati kulikuwa kama kuvaa viatu vya kushoto kulia. Jicho lilisema nenda hapa, mkono ukavutia ukutani. Nilikuwa nachora mstari wa chaki kwenye kitambaa cha meza, kutoka mpira mweupe hadi wa njano, nikaufuata kama ninavyofuata mstari wa pindo, na mwenye duka akanigombeza kwa kumchafulia meza. Alikuwa na haki. Nikawa naufuta kila nikimaliza.

Doa likahamia usoni. Mipira ikaanza kutawanyika, lakini kwa uvivu. Mume wangu aliniangalia akiwa ameegemea nguzo.

"Unaagana na mgeni mlangoni," alisema.

"Nini?"

"Fimbo inaugusa mpira halafu unaivuta nyuma. Mgeni anaagwa hivyo? Msindikize mpaka njiani."

Nikalegeza vidole. Nikaacha fimbo ipite pale mpira ulipokuwa, iende mbele mpaka iishie yenyewe. Mlio ulibadilika. Ulikuwa mkavu, mmoja, na mipira ikaondoka yote pamoja kama watu waliosikia senene wameanguka uwanjani. Wa njano mmoja ukaingia. Mume wangu alisema neno la Kihaya ambalo sitaliandika.

Hapo ndipo nilipopata mtihani mwingine. Hii habari ya shavu na uso, niwaambie wenzangu? Wenzangu maana yake ni pamoja na shemeji.

"Ukimwambia atakupita," mume wangu alisema. "Ana mabega kama mlango."

"Nisipomwambia, nahodha atakuwa anachagua kati ya anayejua na asiyejua. Huko ni kuchagua?"

"Mimi sijasema usimwambie. Nimesema atakupita."

Niliwaambia. Nahodha aliinama akaliangalia doa la bluu kwa muda mrefu, akaiangalia pima maji, akaiangalia meza kama ng'ombe aliyegundua kuwa si wake. Shemeji alisema pima maji ni ya nyumba, haihusiki na michezo. Kisha akapiga mara moja kwa kulenga katikati. Jamani! Hata mimi niliruka. Mipira mitatu iliingia kwa mkupuo mmoja, naye akanigeukia akicheka kwa furaha ya kweli kabisa.

"Fundi, asante! Kumbe nilikuwa nateseka bure!"

Nilirudi kwenye mashine yangu nikashona mkono wa shati nje ndani. Nilijiona mjinga, na pia nilijua ningefanya hivyo tena. Vyote viwili vilikaa ndani yangu, havikugombana.

Jumamosi nahodha alitupima. Alipanga mipira mwenyewe. Shemeji alifungua kwa kishindo, miwili ikaingia, na mpira mweupe ukaifuata shimoni. Ukiupoteza mweupe, zamu inakwenda kwa mpinzani, naye anauweka anapotaka. Alirudia. Mmoja ukaingia, mweupe ukaruka nje. Akarudia tena, ukaingia tena shimoni. Alikuwa anauhukumu ule mpira, si kuupiga. Zamu yangu nilifungua bila kishindo kikubwa. Mipira ilitawanyika, mwekundu mmoja ukazama, na mweupe ukarudi hatua fupi ukasimama katikati ya meza, unanisubiri. Nikarudia. Safari hiyo haukuingia wowote, naandika ilivyokuwa, lakini mweupe ulisimama katikati vile vile.

Nahodha alijikuna kidevu.

"Nguvu tutazipata tu," alisema. "Mweupe ndio lazima ubaki mezani. Fundi, utacheza wa mwisho."

Shemeji alinipa mkono. Alisema atakuja hata hivyo, kushangilia, na alikuja.

Bukoba mvua ilikuwa inatoka ziwani, nyembamba, ile inayolowesha bila kusikika. Ukumbi ulikuwa nyuma ya soko, umejaa watu waliotoka kanisani na nguo zao nzuri. Kahawa ya kutafuna ilipita mkono kwa mkono. Wenzangu wanne walicheza, wawili wakashinda, wawili wakafungwa, na wale waliofungwa hawakusema meza imepinda. Kila kitu kikabaki kwenye mchezo wangu.

Mpinzani wangu alikuwa bwana mnene, mpole, mwenye fimbo yake mwenyewe anayoitoa kwenye mfuko wa zipu. Alichukua fimbo ya ukumbi akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Karibu mama. Tufungulie."

Nyuma yangu mtu alinong'ona, "Si ndiye yule wa Maruku?" na mwingine akajibu, "Ndiye. Tulieni mwone maajabu." Niliwaza kwamba shemeji alipaswa kuwa hapa, kwamba nahodha ameniamini kwa makosa, kwamba kule barazani nilibahatisha. Niliinama hivyo hivyo na mawazo yote hayo. Nilitafuta uso wa mpira wa mbele mpaka nikauona, nikalegeza vidole, nikaacha fimbo iende.

Ule mlio mkavu, mmoja.

Mipira ilikwenda kila kona. Wa njano ukazama upande wa kulia, wa njano mwingine ukatembea pole pole kwenye ukingo, ukafikiri, ukazama. Mweupe ulisimama katikati ya meza. Hakuna aliyecheka. Nilisikia mvua kwenye bati.

Njano ikawa yangu, nyekundu yake, nikapiga mmoja mmoja. Wa nne uliingia kwa kugonga ukingo ambao sikuukusudia, na niliwaambia hivyo, watu wakaguna. Wa tano nikaukosa. Yule bwana akaingia akacheza vizuri sana, bila papara, mpaka mwekundu wake wa mwisho ukagoma kwenye mdomo wa shimo. Ungezama, angebakiwa na mweusi tu, ule wa kumalizia mchezo, tungefungwa, na angestahili. Nikarudi mezani. Njano iliyobaki ikaisha. Mweusi ulikuwa umekaa mbali, karibu na kona, nikaulenga katikati kama nilivyojifunza kulenga kila kitu siku hizo, nao ukaenda moja kwa moja bila kugusa pembe za shimo.

"Kasinge, waitu! Kasinge!" Alikuwa shemeji, na mikono juu. Kasinge ni neno letu la kumwinua aliyeshinda, na nilikuwa nimezoea kulisikia likiambiwa wanaume. Wenzangu wakadakia, kisha hata baadhi ya wenyeji. Nahodha alinishika bega, akasema, "Nafasi ni yako, Fundi. Sitauliza tena."

Yule bwana mnene alikuja kunipa mkono.

"Umeshinda mama, sina neno. Lakini kule kufungua, nisamehe, ile ni bahati."

Wenzangu walianza kupandisha sauti. Niliwanyamazisha, maana swali hilo hilo nilikuwa nalo mimi tangu mipira ilipotawanyika, na sikutaka kulibeba mpaka Kagoma.

"Inawezekana," nilimwambia. "Panga tena."

Aliipanga mwenyewe, akaibana kwa vidole mpaka hakukuwa na nafasi ya kupitisha unywele. Ukumbi ulisogea karibu. Safari hii mawazo yale hayakuja, sijui kwa nini. Nilipiga. Miwili ikazama kwa pamoja, mwekundu na wa njano, na mweupe ukasimama katikati ya meza kama uliowekwa kwa mkono.

Yule bwana alizunguka meza shimo kwa shimo akitoa mipira, akaipanga kwa mara ya tatu, akaja kusimama nyuma ya bega langu la kulia.

"Tafadhali mama, rudia," alisema. "Nataka nione mkono."