Unga wa Salhiya Usiokandika

Bi Mwamvua wa Kiembe Samaki anasimulia, mkono kifuani, kwamba alikuwa anachambua mchele uani kwake aliposikia sauti ya mwanamme kutoka nyumba ya jirani: "Unga umeshuka. Mweupe, safi, haujachanganywa na kitu!"

"Mie nkasema alhamdulillahi," anasema. "Unga wa ngano dukani ulikuwa haupatikani, na chapati nshaziahidi. Nkachukua bakuli, huyo!"

Kabla hajagonga, anadai, sauti ile ile ikanguruma: "Atakayeijua siri hii, mfukieni!" Likafuata busu, tena refu. Bi Mwamvua akaliacha bakuli mlangoni pamoja na kiatu kimoja, akaenda moja kwa moja kwa sheha, kiongozi wa mtaa.

Mwanamme hamna ndani humo. Yumo Salhiya Gharib, mama wa watoto wawili, kajikunja ndani ya kabati la nguo, blanketi kalitundika mlangoni, kipaza sauti kakifunga kwenye mpini wa mwiko. Anaingiza Kiswahili katika tamthilia ya Kitaliano: kijana muuza dawa za kulevya, suti nyeupe, nywele zimelala kwa mafuta, kampenda binti wa askari anayemsaka. Wote wanasema kwa mdomo wa Salhiya, hata mbwa.

"Kijana namtoa kwenye ndoo," anaeleza, na kuingiza kichwa ndani ya ndoo tupu. Sauti inayotoka humo utaitafutia ndevu.

Kitaliano hakukisoma skuli. Alisafisha vyumba vya hoteli Uroa miaka minane, hadi wafanyakazi walipopunguzwa. "Wageni wanagombana mtu na mkewe, mie natandika kitanda, nasikiliza. Maneno ya mapenzi na ya ugomvi ndiyo niliyoyajua mwanzo. Na tamthilia hii haina mengine!"

Sasa kinamama wanamletea flashi awajazie tamthilia, kila sehemu shilingi elfu moja. Wiki nzuri hupata elfu arobaini, ndiyo gesi na mahitaji ya watoto.

Kitu kimoja hakipambi. Waigizaji wakinusa dawa zao kwa madaha, yeye huwakoholesha. "Mtaani petu wapo vijana wanaohangaika kuziacha. Siwezi kuwaonyesha kuwa ni tamu."

Sheha Ubwa alipofika na kupiga hodi, kichwa cha Salhiya kilikuwa ndooni. "Ingia peke yako!" kijana wa suti akaitikia. Sheha akarudi hadi barabarani, mpaka Salhiya alipotoka na ndoo yake mkononi. Mzee akacheka, akakaa kuangalia, akamaliza sehemu mbili.

Lakini alitoa shuruti: kazi iendelee iwapo jirani ataridhika. Asiporidhika, Salhiya atafute pahala pengine, na kodi ya pahala pengine haiwezi.

Bi Mwamvua hajaridhika. Ukweli ameshaujua, lakini zile mbio za kiatu kimoja zimemkaa rohoni. Mtaa mzima ulimwona.

Tena wateja nao wana lao. "Mama wa yule kijana, kwa sauti unamfanya mdogo kuliko mwanawe," Zuleikha, muuza urojo wa Forodhani, anamtania. "Kamzaa lini?" Imebaki sehemu ya mwisho, na humo mama ndiye msemaji mkubwa.

Alasiri hii Salhiya anajitanda khanga, anavuka ua.

"Shikamoo, Bi Mwamvua."

"Marahaba, muuza unga. Leo umeniletea kilo ngapi?"

"Leo nnaomba, bibi. Sauti ya askari ninayo, ya mbwa ninayo. Ya mama aliyechoshwa na mwana, sina. Wewe unayo. Nakusikia kila asubuhi ukimwamsha mwanao Anuar."

"Ala! Kumbe na wewe unasikiliza ukutani?"

"Nnasikia, bibi, sisikilizi." Salhiya anachutama mbele yake. Anataka, anasema, siku moja kila mtu ndani ya tamthilia awe na sauti yake, wasemaji wawe kinamama wa mtaa huu huu, na wawe na chumba chao wenyewe. "Anza wewe. Kabatini tunaenea wawili. Utanisaidia?"

Bi Mwamvua anaweka ungo chini, anafunga vyema mtandio wake.

"Huyo mama," anauliza, "anajua mwanawe anauza nini?"

"Anajua. Na bado kila siku anampakulia chakula."

Bi Mwamvua anatazama mlango wa chumba cha Anuar, uliofungwa mpaka saa hizi. Salhiya bado kachutama, anangoja.