Akina Monoyo wa Kimilili

Auleria Monoyo alikuwa Mbukusu wa Kimilili, baba Mbukusu na mama Mbukusu, na hata ukirudi nyuma mpaka kwa babu wa babu yake humpati aliyewahi kuvuka bahari. Lakini katika miaka minne aliyotandika vitanda kwenye hoteli moja ya Garhoud, Dubai, haukupita mwezi bila mtu kumuuliza, kwa sababu ya hilo jina Monoyo, ameolewa na Mgiriki gani. Karani wa mishahara aliuliza. Daktari wa kumpima afya kwa ajili ya viza aliuliza. Afisa mmoja wa uwanja wa ndege aliigeuza pasipoti yake huku na huku kama anayekagua nyama buchani, akamtazama usoni, akaitazama tena pasipoti, kisha akacheka na kugonga muhuri. "Yalla, madam Yunani, pita."

Wakenya wenzake katika nyumba ya wafanyakazi kule Al Qusais walimwita Mgiriki, kavukavu, na yeye aliitika huku akitabasamu. Moyoni lilimkera. Ungejisikiaje wewe, umebeba jina ambalo hata maana yake huijui, na kila mtu anadhani umelipata kwa njia za panya? Alikuwa ameshaamua kwamba akirudi kwao atamwona wakili alifute, aitwe Auleria Nekesa kama watu. Hakuwa amemwambia baba yake, mzee Gerishom Monoyo, maana alijua angemuumiza.

Na kurudi kwenyewe kulikuwa karibu. Ilikuwa Machi 2009, ule mwaka ambao winchi za majengo zilisimama na wageni wakaadimika. Ghorofa mbili za hoteli zilifungwa. Auleria alikuwa ameshapewa barua kwamba mkataba wake unakwisha Mei na hautaendelezwa. Alikuwa na mtoto mmoja, Austine, wa miaka tisa, aliyekuwa katika shule ya bweni kwa jasho la mama yake, na ikifika Juni, Auleria hakujua atamweleza nini. Hilo ndilo lililomnyima raha kuliko hata hilo jina.

Jumanne moja asubuhi alikuwa ghorofa ya nne, anasukuma toroli la mashuka huku akimgombeza Lynette, mwenzake wa Nakuru aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, kwa kumaliza sabuni ya kufulia na kunyamaza kimya. Walikuwa wakigombana kwa sauti ya chini, kwa kuwa wakubwa walitaka Kiingereza kitupu mbele za wageni. Mlango wa chumba 412 ukafunguka. Akatokeza bibi wa Kizungu, mfupi, kavaa nguo nyeusi juu mpaka chini, mkongojo mkononi.

"Nani wanagombana Kiswahili hapa?" aliuliza. "Endeleeni, msiache. Miaka thelathini na minane sijasikia watu wanagombana kwa lugha hii."

Lynette alipotea na ndoo yake. Auleria aliomba radhi, na yule bibi akamvuta mkono ndani. Jina lake lilikuwa Kaliopi, Mgiriki, mwenye miaka sabini na sita. Kiswahili chake kilikuwa cha Moshi, cha zamani, kimeshika kutu kidogo lakini hakijaharibika, kwa sababu alipelekwa Tanganyika akiwa na miaka mitatu, baba yake alipokwenda kulima kahawa, na huko alikulia na kuolewa, kabla ya kurudi Ugiriki. Sasa alikuwa njiani kwenda Melbourne, Australia, kukaa na binti yake. Binti aliogopa mama atachoka na ndege, akamwekea siku tatu za kupumzika Dubai.

Haya yote Auleria aliambiwa huku akibadilisha foronya. Bibi alikuwa na maneno mengi yaliyolimbikizana. Kisha akanyamaza ghafla, macho yake kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa Auleria. Akakishika, akakisogeza karibu na uso, akakaa kwenye godoro tupu.

"Hili jina umelitoa wapi?"

"Ni la baba yangu, madam."

"Na yeye?"

"Alipewa alipozaliwa. Kulikuwa na Mgiriki mmoja wa jina hilo, kwa kiwanda cha mbao chini ya Mlima Elgon. Zamani, kabla ya uhuru."

"Fundi wa misumeno," alisema Kaliopi polepole. "Kidole kimoja hana."

"Hivyo ndivyo wanasema."

Bibi alilia palepale, bila kuficha uso. Alipotulia alieleza. Yule fundi alikuwa Stamatis, kaka yake pekee. Mwaka 1949 aligombana na baba yao, akavuka mpaka kwenda Kenya bila kumuaga mtu. Aliandika barua mbili. Ya tatu iliandikwa na mapadri, mwaka 1954, kusema amekufa kwa homa ya mapafu, wala hawakutaja kaburi liko wapi.

"Na jina hili, unajua maana yake?" aliuliza. "Mwana wa pekee. Zamani sana kisiwani kwetu ilikuwapo nyumba yenye wasichana saba na mvulana mmoja, basi watu wakaiita nyumba ya mwana wa pekee, na jina likabaki. Ni jina la nadra, mwanangu. Kisiwa kizima, nyumba moja tu. Na kila kizazi kilizaa mvulana mmoja, kama vile jina limewafunga. Baba yangu mmoja. Kaka yangu mmoja. Alipokufa nikajua limekwisha." Akamshika Auleria mashavu. "Kumbe alizaa!"

Auleria alifungua mdomo kumkatiza. Simu ya upepo kiunoni ikaita, msimamizi anamtaka chumba 420 haraka. Akaufunga mdomo.

"Binti yangu ana duka la mikate Melbourne," Kaliopi alimwambia mlangoni. "Leo naanza kumwandikia barua, iende kwa faksi, ili atafute wakili kabla sijafika. Damu yetu haiwezi kutandikia watu vitanda na sisi tupo. Kesho uje uniambie habari za bibi yako, niziandike."

Jioni, kule Al Qusais, Lynette alisikiliza yote huku akisonga ugali, mwiko ukamsimama mkononi.

"Mgiriki, Mungu amekuona! Wee, usiharibu hii kitu. Nani atapima damu? Sema ndio, ndio, khalas."

"Lakini si kweli, Lynette."

"Jina ni lake ama si lake?"

"Ni lake."

"Basi."

Naomba mtu asimharakishie Auleria hukumu. Aliitaka ile barua, na aliitaka sana. Alimwona Austine amevaa sweta la shule ya huko, alijiona mwenyewe nyuma ya kaunta ya mikate, na Mei ikapita bila kumtisha. Alikaa kitandani akaanza kuupanga uongo wake vizuri, ili kesho usimponyoke. Bibi yake aliitwa Proscovia. Huyo angelazimika kuwa hawara wa Mzungu. Babu yake, Naftali, mpasua mbao, ambaye pamoja na wenzake watatu alilibeba jeneza la fundi mabegani kwa kuwa hakukuwa na ndugu wa kulibeba, angelazimika kuwa mume aliyebambikiwa mtoto wa watu. Hapo ndipo Auleria alipokwama. Kunyamaza angeweza, lakini si kuwauza wazee wale wawili, tena wako kaburini hawawezi kujitetea. Na bado kulikuwa na yule bibi wa chumba 412: kumwambia ukweli ilikuwa ni kumwulia kaka yake mara ya pili.

Siku ya pili alimkuta Kaliopi mezani, kalamu tayari, karatasi ya kwanza imejaa maandishi ya Kigiriki.

"Bibi yako aliitwa nani?"

"Proscovia."

"Kaka yangu alimwoa kanisani, au kienyeji?"

Auleria aliweka mashuka chini. "Hakumwoa, mama. Proscovia alikuwa mke wa babu yangu Naftali, na baba yangu ni mtoto wa Naftali. Sisi si damu ya kaka yako. Nisamehe. Jana nilinyamaza na nilijua."

Kalamu ilisimama. Kwa kuwa hakuna aliyemfukuza, Auleria akaendelea, maneno yakimtoka kwa haraka.

"Alipougua, bibi yangu ndiye alikuwa anampelekea uji, kwa sababu hakuwa na mtu. Akafa, wakamzika. Baada ya wiki sita bibi akajifungua baba yangu. Mtoto akalia siku nne. Hanyonyi, halali. Kwetu mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anataka jina lake. Wazee hukaa, wanamshika mtoto, wanataja majina ya waliokufa moja moja, na lile linalomnyamazisha ndilo lake. Walitaja ya ukoo wote, ya upande wa baba, ya upande wa mama. Mtoto analia tu. Ndipo bibi akasema, jaribuni la yule Mzungu wa mbao. Wazee wakakasirika. Akasema, jaribuni tu. Wakasema Monoyo."

"Wakasema Monoyo," alirudia Kaliopi.

"Akanyamaza. Akanyonya. Wazee wakasema, huyu mtu hakuwa na kwao, amerudi mahali alipolishwa."

Kaliopi aliinuka, akaenda dirishani, akasimama huko akiwa amempa mgongo. Auleria alianza kutandika kitanda kwa sababu mikono yake haikujua kazi nyingine ya kufanya. Machozi yalimlenga. Alijua Melbourne imekwenda, na juu ya hayo amemvunja moyo mtu mzima ambaye kesho yake alikuwa na safari ya mbali.

"Siku nne alilia?" Kaliopi aliuliza bila kugeuka.

"Siku nne."

"Kaka yangu alikuwa hivyohivyo. Akitaka kitu, hanyamazi mpaka apewe." Akageuka. Alikuwa analia, lakini uso wake haukuwa wa msiba. "Sikiliza, mwanangu. Kisiwani kwetu, mtoto akipewa jina la marehemu, hatusemi amemkumbuka. Tunasema amemfufua. Ndiyo maana kila mtu anaombea apate wa kumfufua. Mimi nilizaa binti tu, na binti yangu akazaa mabinti. Miaka hamsini na mitano nalala nikijua kaka yangu amebaki chini, hana wa kumwinua. Na kumbe ameinuliwa baada ya wiki sita! Na watu wasiomjua!"

"Walimjua, mama," alisema Auleria. "Walifanya kazi naye."

Kaliopi alikaa tena mezani. "Mko wangapi wenye jina hilo?"

Auleria alihesabu kwa vidole. Alianza na baba yake, akajitia na yeye, akaendelea na ndugu zake wanane, wajukuu, pacha wa kaka yake mkubwa. Vidole vikaisha, akarudia upya, mara mbili, mara tatu.

"Thelathini na mmoja. Na mke wa kaka yangu Duncan ana mimba."

Bibi alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichomtikisa mwili mzima, mpaka mkongojo ukaanguka. "Thelathini na mmoja! Na wote mwana wa pekee!" Auleria naye kikamshika, wakacheka wote wawili mpaka wakashika mbavu.

Kaliopi alipopata pumzi aliichana ile karatasi ya Kigiriki vipande viwili. "Hii ilikuwa ya uongo, ingawa sikujua. Naandika nyingine, ya kweli. Nitamwambia binti yangu kwamba nyumba iliyomlisha na kumzika kaka yangu imepata shida, na ana kazi ya mikate. Serikali yao itasema nini sijui, inshallah watasikia. Lakini binti yangu ana kichwa kigumu kama mimi, hachoki upesi." Akachukua karatasi mpya. "Baba yako yu hai?"

"Yuko hai. Saa hii atakuwa anakamua."

"Mpigie."

Simu za mkononi zilikatazwa kazini, na Auleria alikuwa nayo mfukoni mwa aproni kama kila mtu. Mzee Gerishom alipokea, ng'ombe analia karibu yake. Auleria alimweleza kwa Kibukusu, mbiombio: fundi wa misumeno, dada yake, ugomvi na baba, mtu kuondoka bila kuaga, miaka yote hii.

"Mpe simu," alisema mzee.

Auleria aliiweka kwenye spika, akampa Kaliopi, aliyeishika kwa mikono miwili.

"Halo," alisema Kaliopi. "Mimi ni dada yake yule mliyemzika."

"Ulikuwa mkubwa wake ama mdogo wake?"

"Mdogo. Kwa miaka sita."

"Basi wewe ni mdogo wangu," alisema mzee Gerishom, ambaye alikuwa mdogo wa Kaliopi kwa zaidi ya miaka ishirini, na wala hakuwa akitania, maana kwao aliyepewa jina la mtu amepewa pia ndugu wa mtu huyo. "Monoyo ndiye mimi. Naambiwa niliondoka nyumbani bila kukuaga. Hilo nilikosea. Nisamehe, mdogo wangu."

Kaliopi alifumba macho. Kwenye spika yule ng'ombe wa Kimilili alilia tena.

"Nimekusamehe," alisema.

"Vizuri. Sasa niambie, huko uliko umekula?"

"Bado, kaka," alijibu Kaliopi.