Siku Mama Mkwe Alipofunua Kanga

Mpaka leo nikienda ukweni Iyula naingia kwa mlango wa uani, aibu bado haijaisha, na mkitaka kucheka chekeni tu, mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha.

Mama mkwe alikuwa na uvimbe kwenye kongosho, kule nyuma ya tumbo la chakula, shemeji yangu Neema akampeleka Dar kupasuliwa. Sasa mimi upasuaji wa kongosho naujua (au nilidhani naujua), maana baba yangu alipasuliwa kutoka chini ya kifua hadi kupita kitovu, nikawa namgeuza kitandani kama mtoto mchanga. Lakini siku ya maombi ya shukrani, hata mwezi haujaisha tangu apasuliwe, nafika na gari langu kutoka Tunduma, namsikia mama mkwe jikoni anacheka, anawagombeza watu kwa kuunguza wali! Neema ananiambia walitoboa vitundu tu, wakaingiza kamera. Kwetu Wanyiha mama mkwe humtazami, mnaongea kwa kupitia mtu, kwa hiyo kidonda sikukiona. Nikaogopa kweli: uvimbe bado umo, mama atatufia hivi hivi.

Nikasimama mbele ya ukoo, mchungaji na kwaya nzima. "Ndugu zangu, mama hajapasuliwa. Tumedanganywa. Gari liko nje, leo hii tunampeleka akapasuliwe kweli."

Mke wangu akanivuta shati, nikamtoa mkono. Sauti ikatoka jikoni: "Mwambieni mkwe wangu uvimbe ulikuwa mkiani mwa kongosho, wakaukata, wakautolea hapa kitovuni. Ungekuwa kichwani mwake, daktari alisema wangenipasua kama baba yake."

Ilitosha kabisa, lakini mimi (ulimi huu!) nikajibu, "Maneno matupu."

Akatoka. Mama ambaye tangu nioe hajawahi kusimama nilipo akasimama mbele yangu, akafunua kanga. Nikajifunika uso kwa mikono miwili, ila jamani, vidole vina nafasi. Nikaona vikovu kama punje za mahindi, basi. Mkono wa mtu haukuingia mle, na ugonjwa umetoka! Nikarudi kinyumenyume, nikakalia sufuria ya mchuzi.

Wazee wakanitoza mbuzi kwa kumwona mama mkwe. Wangesema wawili ningelipa, maana mama alikuwa mzima, na mimi moyoni nilikuwa nimeshamzika.

Siku hizi mtu akitoka hospitali namwambia pole, kisha nanyamaza. Kovu simuulizi, hata akiwa mdogo wangu wa tumbo moja.